Mwanamke wa Kutu kwenye Ploti ya Hajja Hadia

Filister Aoko amefua nguo za watu kwa miaka ishirini na mmoja, na sijasikia doa hata moja lililowahi kumshinda. Utomvu wa ndizi, wino, damu, mchuzi uliolala siku tatu kwenye shati jeupe la mtu wa benki, yote anazijua tabia zake kama mwalimu anavyowajua watoto watundu wa darasa lake. Asubuhi anatoka Makina kwa miguu, anavuka barabara ya Ngong, anaingia kwenye magorofa na kufukuza madoa ya wenyewe mpaka alasiri. Kisha anarudi nyumbani kutunza madoa yake mwenyewe.

Hapo ndipo watu husema amerukwa na akili. Mimi jirani yake sijawahi kusema hivyo, angalau si mbele yake.

Naitwa Khamala. Nakaa chumba cha nne kwenye ploti ya Hajja Hadia, yeye Filister anakaa cha tano, na jiko langu la chapati liko nje kwenye kona, limeutazama ukuta wake. Ukuta wenyewe wakati huo ulikuwa bati moja kubwa la zamani, zito, lililopigwa misumari na marehemu babake Hajja wakati Makina bado ina miti. Gata, ule mfereji wa maji ya paa, ilitoboka miaka mingi iliyopita, na tangu hapo kila mvua ilikuwa ikiteremka juu ya bati hilo inavyotaka. Jua nalo likawa linakausha, na moshi wa jiko langu ukawa unapita hapo kila siku ya Mungu. Nautaja moshi mapema kwa sababu baadaye watu walianza kugawana sifa, na hakuna aliyenikumbuka.

Asubuhi moja, miaka sita iliyopita, Filister alisimama mbele ya ukuta huo na mswaki mdomoni.

"Khamala, unamuona huyu?"

"Nani?"

"Huyu mama amebeba mtoto."

Nilitazama. Niliona kutu.

"Hapo mbele yako, Khamala. Ama wewe unaangalia na masikio?"

Akainama, akachukua kipande cha makaa kando ya jiko langu bila kuomba, akavuta mstari mmoja mfupi kutoka shingoni hadi begani. Mstari mmoja tu. Nikamwona mwanamke, amesimama kiupande, kichwa amekiinamisha kidogo, na mgongoni amefunga mtoto kwa leso. Nilishtuka mpaka chapati ikaungua. Kuanzia siku hiyo nilijaribu mara nyingi kuutazama ukuta ule nione kutu tu, na sikuweza.

Filister hakuishia hapo. Nyuma ya choo cha ploti alimpata jogoo kwenye ukungu wa kijani. Kwenye plasta iliyobambuka ya kinyozi mmoja wa kule Kianda alimpata mzee mwenye mkongojo, akamzungushia majivu yaliyokorogwa na maji, na kinyozi akakasirika wiki nzima kabla hajagundua kwamba wateja wanamwulizia mzee. Lakini hao wote walikuwa wa kupita. Mwanamke wa ukutani ndiye aliyekuwa wake wa kila siku.

Alikuwa na sheria moja, na aliishika kuliko watu wengi wanavyoshika dini: hachori kitu ambacho hakipo. "Mimi sichori," aliniambia. "Yeye yuko ndani. Mimi namfungulia tu mlango." Nilipomwuliza kwa nini basi anakuja kuniomba mafuta ya kukaangia, alijitia hamnazo. Mwisho akakubali. Mafuta anampaka mwanamke usoni, kwa sababu mafuta huzuia kutu isitembee, na uso ulikuwa umefika pazuri. Ukiachwa na mvua ungefutika. Halafu kulikuwa na lile lingine, ambalo sikuambiwa ila nililiona. Jioni akirudi kazini alikuwa anabaki na maji kidogo ya dawa ya kutoa madoa kwenye chupa. Alikuwa anachovya vidole na kurusha matone pale mgongoni, kwa mtoto. Dawa ile ikigusa bati, kutu hukimbia nayo. Mtoto alikuwa mwembamba mno, alisema. Alikuwa anamlisha.

Na kweli mtoto akanenepa. Mvua mbili tu, akawa na mashavu.

Sasa ujue mambo ya ploti. Wapangaji kumi na mmoja walikuwa wanamwendea Hajja kila mwezi: Hajja, paa linavuja, Hajja, mlango umeoza, Hajja, hili bati lina matundu. Mpangaji mmoja, Filister, alikuwa anamwendea kumwomba asitengeneze. Hajja Hadia ni mama wa Kinubi, mtu mzima, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, na katika maisha yake yote ya kuwa landlady hakuwa amekutana na ombi la namna hiyo. Alinivuta kando akiniuliza habari za Filister.

"Khamala, huyu Mama Celine anaficha nini kwa huo ukuta?"

"Hakuna, Hajja. Anaupenda tu."

"Kutu?"

"Kutu."

Alinitazama vile mtu anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Lakini kutotengeneza si kazi ngumu kwa landlord yeyote, kwa hiyo ombi la Filister lilikubaliwa bila shida. Hao wawili walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa. Siku ya Idd, Hajja alikuwa anamletea pilau, Krismasi Filister anampelekea kuku akiwa hai, ili Hajja amchinjishe mwenyewe kwa utaratibu wa dini yake. Yalikuwa mambo ya heshima, na ndiyo maana kilichofuata kilimwuma kila mtu.

Celine, binti pekee wa Filister, ni mwalimu wa chekechea kule Kawangware. Ameolewa, anakaa nyumba ya mawe upande wa Gatina, na kila akija Makina alikuwa anampigia mamake kelele ahame. "Mama, watu wote wanaficha kutu, wewe unaiwekea urembo." Aliona haya, msichana wa watu, na simlaumu. Lakini aliona haya huku amempiga mwanamke wa ukutani picha kwa simu, na picha hiyo akamwonyesha mwalimu mwenzake anayeitwa Marvin, wacheke pamoja. Marvin hakucheka. Marvin ana kikundi pale Kawangware kinachotengeneza twiga kwa chupa za plastiki, na mtu wa namna hiyo hucheki naye hovyo.

Alikuja Jumapili na kamera na viatu visivyofaa kwa njia yetu.

"Mathe, sasa hii ni kitu safi. Wewe ni msanii wa mazingira na hujijui."

"Mimi nafua nguo," Filister alisema.

"Hapana, skiza. Wewe unafanya kazi na mvua. Unafanya kazi na wakati wenyewe. Hiyo ukuta inaongea."

"Kama inaongea, haijawahi kuniambia kitu. Karibu chai."

Marvin akapiga picha, akaziweka mtandaoni, na ndani ya wiki mbili njia yetu ndogo ikawa na watu. Walikuja wa Soweto West, wa Kianda, wa Kawangware, hata wengine wa huko kwenye magorofa Filister anakofulia nguo. Walisimama, wakainamisha vichwa, wakauliza, "Mtoto ako wapi?" na wakionyeshwa wakasema, "Aaa, nimemuona." Filister alikuwa anajificha ndani kwa haya. Mimi chapati zilikuwa zinaisha saa tatu asubuhi. Sisemi niliupenda umati kwa sababu ya chapati. Sisemi pia kwamba niliomba upungue.

Ubaya ni kwamba njia hiyo ndiyo ya kwenda msikitini. Ijumaa moja umati ulikuwa mkubwa, waumini wanapita kwa kujibana, na mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakaa kama karatasi akasukumwa juu ya meza yangu. Mafuta yakamshika kuanzia kiunoni hadi gotini. Filister alitoka mbio ndani, akamwambia, "Baba, nipatie hiyo kanzu, baada ya saa mbili itakuwa mpya," na kweli baada ya saa mbili ikawa mpya. Lakini mzee, akisubiri kanzu yake ndani ya shuka ya kuazima, alipata nafasi ya kuutazama ukuta kwa utulivu. Akauliza swali ambalo wote tulikuwa tunaliogopa. Imekuwaje picha ya mtu mwenye roho ikae kwenye nyumba ya Mwislamu, kwenye njia ya watu wanaokwenda kuswali?

Swali lilifika kwa Hajja kabla kanzu haijakauka. Na Hajja, ambaye hapendi kusemwa nyuma ya mgongo, akamwita Shehe Sadiq wa msikiti huo mwenyewe aje aamue hadharani. Akimpa Filister habari, alisema maneno machache tu: likiamuliwa litolewe, litatolewa. Filister akaja kwangu, akaketi juu ya ndoo na kushika tama. "Wakimtoa, Khamala, mimi nitabaki na nini hapa? Celine ameolewa. Huyu ndiye ananingojea nikirudi."

Kikao kikawa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Jua lilikuwa kali, na ploti nzima ilitoka. Shehe Sadiq kabla hajawa shehe alikuwa fundi wa redio, na mpaka leo ana ile tabia ya kusikiliza kwanza kitu kinavyolia kabla ya kukigusa. Aliuvalia ukuta miwani.

"Nani amechora?"

"Mvua," Filister alisema.

Watu wakacheka. Shehe hakucheka. "Mvua haitumiangi makaa, mama."

"Makaa ni yangu, Shehe."

"Sawa. Sema basi ni nini umeongeza."

"Makaa."

"Makaa tu?"

Nilikodolea kopo langu la mafuta macho, nikatamani liwe na kifuniko. Filister ni mtu wa kanisa, tena wa kuapa kwa shida. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Akisema ndiyo, amemdanganya mtu wa Mungu. Akisema hapana, mwanamke wake anang'olewa hapo hapo mbele yetu. Mikono yake, ile mikono iliyochujuka na sabuni, akaificha ndani ya leso.

Hajja Hadia akakohoa. "Shehe, tafadhali amua. Jua linazama."

Niliudhika naye. Nilidhani amechoka kusimama na anataka tu liishe, hata liishe vibaya. Lakini Shehe aligeuka kumtazama, akarudi kwenye ukuta.

"Kutu ni ya Mungu," alisema. "Mvua yake, chuma chake. Hakuna wa kumuuliza Mungu mbona inaonekana hivi. Makaa ni ya huyu mama. Ya Mungu ibaki, ya mama itoke."

Filister alileta karai na brashi, akasugua mistari yake yote mbele ya watu, akilia bila sauti. Kwa kuwa ni yeye, aliisugua vizuri. Halikubaki hata vumbi la makaa. Alipomaliza, umati ulisogea, tukatazama. Mwanamke alikuwa bado yuko. Tulikuwa tumeshamzoea. Macho yetu yalikuwa yanavuta ile mistari yenyewe, na hakukuwa na brashi ya kusugua macho.

Shehe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mm," alisema, akaenda zake. Tangu siku hiyo akipita njia yetu alikuwa anafungua mwavuli na kuulaza upande wa ukuta asimwone, iwe mvua iwe jua.

Wiki iliyofuata Marvin akaja na wageni saba muhimu. Hakuwa ameambiwa kuhusu brashi. Alisimama mbele ya bati lenye kutu, akaeleza kwa dakika nzima habari za wakati na mazingira, na wageni wakatikisa vichwa kwa adabu ya watu wasioona chochote. Mama wawili wa ploti wakawaonea huruma, wakaanza kuwaonyesha kwa vidole: shingo hii hapa, leso hii hapa, mtoto huyu. Wageni wakapiga picha za vidole. Baadaye Celine alitusomea Marvin alichoandika, kwamba msanii ameamua kuifuta kazi yake ili jamii iibebe moyoni. Filister aliomba asomewe mara ya pili, halafu akauliza huyo msanii ni nani.

Lakini hakuwa na raha. Alikuwa anakula nusu chapati na kuirudisha.

"Nimemdanganya Shehe, Khamala."

"Hujamdanganya. Hukumjibu."

"Ndiyo hiyo sasa."

Akaapa hatamlisha tena mtoto. Chupa ya dawa akaacha kuja nayo nyumbani. Ila kutu ikishaonjeshwa haisubiri kukaribishwa, na mvua za vuli zilipoanza, mtoto aliendelea kula mwenyewe. Mwanzoni mwa Novemba Filister alikuwa ndani akikunja nguo, akaona nuru ndogo inapenya ukutani juu ya kitanda. Ilikuwa tundu la kutosha kuingiza kidole, katikati kabisa ya mgongo wa mtoto, pale pale alipokuwa anarusha matone. Aliliziba kwa kipande cha sabuni, akakilainisha kwa mate, na hakumwambia mtu ila mimi. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimwuma kuliko tundu.

Siku chache baadaye Celine akajifungua. Ilibidi mama aende Kawangware akamkande na kumpikia uji, wiki mbili kamili. Aliondoka na sanduku moja na maagizo mengi. "Uso umpake mafuta kila siku ya tatu, kidogo tu, kwa kidole. Na sabuni ikianguka urudishe."

Nilifanya hivyo. Natamka wazi kwamba nilifanya hivyo, kwa sababu yaliyobaki hayanipi sifa.

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sabuni ikayeyuka, maji yakaingia, na Hajja akipita kukagua alichungulia dirishani na kuona godoro la Filister limelowa. Mchana huo huo akaja na fundi na bati jipya, linalong'aa mpaka linaumiza macho.

"Hajja, ngoja kwanza arudi," nilisema.

"Miaka yote mnalia nitengeneze. Leo natengeneza, unalia?"

"Unajua vile anaupenda."

"Najua vile godoro lake limelowa. Mama wa watu arudi kutoka kulea alale majini?"

Ningeweza kusimama mbele ya ukuta. Ningeweza hata kumpigia Filister simu. Lakini Hajja ni landlady wangu pia, na juu ya kitanda changu kuna mahali panadondoka, na wazo likaniingia kwamba pengine fundi akimaliza hapo ataniangalizia na pangu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Fundi aling'oa misumari ya marehemu mzee mmoja mmoja, akalibeba bati la zamani kichwani, mwanamke akiwa ameelekea juu, ananyeshewa usoni. Sikuuliza linapelekwa wapi. Na pangu hakuniangalizia.

Jioni Filister akapiga simu kutoka Kawangware. Mtoto hajambo, Celine hajambo. "Ila hizi kuta zao, Khamala. Zimepakwa rangi ya maziwa kila mahali. Nimekaa nikaziangalia siku nzima, hakuna mtu ndani." Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia mvua ni nyingi.

Alirudi Alhamisi, saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka. Nilimwona anakuja na sanduku lake, anatabasamu kwa mbali, tena alikuwa ameanza kuniambia kitu kuhusu mjukuu. Akafika kwenye kona. Bati jipya lilikuwa linawaka jua lote, safi, halina hata alama ya kidole. Aliweka sanduku chini.

"Yuko wapi?"

Sijawahi kusikia mtu akiliulizia bati namna hiyo. Nilimwambia yote, hata habari ya pangu. Hakunitukana. Alilia kwa sauti pale njiani, mtu mzima, kama aliyefiwa. Nami nilijiona takataka na bado najiona. Kisha akafuta uso kwa leso, akafunga leso upya kiunoni, akashika njia ya kwa Hajja. Niliacha chapati mbili kwenye kikaangio nikamfuata, kwa sababu mwanamke aliyefunga leso namna ile haendi kusalimia.

Nyumba ya Hajja iko nyuma ya ploti, na ua wake una ukuta, hakuna apitaye anayeona ndani. Filister alisukuma mlango bila kupiga hodi, jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulifanya. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kusema. 

Hajja Hadia alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya paa la jikoni. Mbele yake, limeegemezwa mahali pakavu, lilikuwapo bati. Kulikuwa na sufuria ndogo ya mafuta miguuni pake na kitambaa kimezungushwa kwenye kidole cha shahada, na alikuwa anampaka mwanamke uso, polepole, kidogo kidogo, akifuata ukingo wa shavu. Tundu alikuwa ameliziba kwa sabuni mpya.

"Ingia, Mama Celine," alisema bila kugeuka. "Mtoto wa Celine hajambo?"

"Hajambo, Hajja."

"Msichana ama kijana?"

"Msichana."

"Alhamdulillahi." Akachovya tena mafuta. "Hili bati ni langu. Babangu ndiye alilipiga hapo. Sikuwa nataka fundi alipeleke kwa banda la kuku."

Filister alibaki amesimama. Nilidhani atamrukia au atamkumbatia. Badala yake akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu ile Jumamosi.

"Hajja, mimi nina makosa. Siku ile Shehe aliuliza kama ni makaa tu. Haikuwa makaa tu. Nilikuwa nampaka mafuta. Na mtoto, mtoto nilikuwa namwekea dawa ya madoa anenepe. Si mvua. Ni mimi. Hata hilo shimo ni mimi."

Hajja aliendelea kupaka. Alimaliza shavu, akaja kidevuni.

"Ile dawa nilikuwa naisikia kila jioni nikipita," alisema. "Miaka mitano. Ama ulidhani mabati ni yangu na pua ni ya mtu mwingine?"

"Ulijua? Na mbele ya Shehe hukusema?"

"Shehe hakuniuliza mimi."

"Hajja."

"Nilimwambia jua linazama." Sasa ndipo aligeuka, na sijawahi kumwona amekunja uso namna hiyo kuzuia kicheko. "Mama Celine, ilikuwa saa kumi na nusu."

Filister aliketi chini pale pale kwenye saruji, akacheka, na kicheko kikarudi kuwa kilio, na Hajja akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akamwambia amshikie bati, mkono wake haufiki kwa mtoto. Mimi nilirudi kwenye jiko langu. Chapati zote mbili zilikuwa makaa.

Hajahama Makina. Celine anamfuata kila mwezi na maneno ya Kawangware, naye anajibu kwamba ataangalia. Bati jipya la chumbani kwake linakaa safi, na mimi moshi wangu unajitahidi. Jioni akitoka kwenye magorofa hapiti tena kwake kwanza. Anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa ua wa Hajja, anapiga hodi na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. Hajja anainama na kuvinusa, kimoja kimoja, ndipo anamruhusu aingie.